Kucheza na mbwa ni kazi: namna ya kufundisha mbwa wa shamba bila fimbo



Mu masomo iliyopita tulizungumuza juu ya mbuzi, juu ya kobayi, na juu ya mbolea inayotoka mu kibanda cha nyama. Leo tunazungumuza juu ya mbwa. Tunajua kama wengine watacheka. Koperative haiuzi mbwa, na hakuna mutu anayeandika mbwa mu kitabu cha mali ya jamaa. Lakini mu vijiji vingi, mbwa ndiye anayechunga mahindi mbele ya makako na nyani, ndiye anayebweka usiku wakati mwizi anakaribia kibanda cha mbuzi. Ni mutumishi. Na mutumishi asiyefundishwa anaweza kuharibu kazi ya watu wengi kwa siku moja tu.

Jambo lililotufundisha

Mu kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini, kando ya pori, koperative ilikuwa na muzunguko wa mbuzi. Munajua namna inavyotembea: jamaa moja inapokea mbuzi jike, na kitoto cha kwanza cha kike kinaenda kwa jamaa inayofuata ku liste. Asubui moja, mbuzi walipokuwa wanashuka ku maji, mbwa wa mama mumoja wa koperative alikata kamba, akakimbilia kitoto cha mbuzi, akakikamata muguu. Kitoto kile kilikufa kesho yake. Kilikuwa kinangojewa na mama mujane, na alikuwa amekaa ku liste mwaka mumoja na nusu.

Mukutano ulikuwa mukali. Watu wengi walisema mbwa auawe siku hiyohiyo. Mwenye mbwa akasimama, akasema: “Mukimuua, sawa. Lakini munipatie mutu wa kukaa mu shamba yangu. Kama hapana, watoto wangu wawili ndio watarudilia kufukuza nyani, na hawatasoma tena.” Watu wakanyamaza kidogo. Kisha sekretere akageukia kwetu: “Nyinyi watu wa ufugo, ni nyinyi mulimuambia mama namna ya kufunga huyo mbwa. Sasa museme.”

Ilikuwa kweli. Mu musimu uliotangulia, tulikuwa tumemushauria mama afupishe kamba, amupunguzie mbwa chakula, na amupige kila anapokosa, kusudi awe mukali. Tulisema vile kwa sababu ndivyo tulivyosikia kila pahali tangu utoto. Ku institut tulijifunza ngombe, mbuzi, nguruwe na sungura. Juu ya mbwa hatukujifunza hata saa moja. Tuliomba koperative itupatie siku chache mbele ya kukata maneno.

Kesho yake tulienda kwa mama. Mama aliita mbwa. Mbwa akalaza masikio, akaficha mukia kati ya miguu, akarudi nyuma mpaka kamba ikaisha. Akaita tena, mbwa akalala chini, akageuza uso. Pale, kijana wake wa miaka 11 akafika kutoka ku maji, akatua bidon, akapiga mulunzi. Akatoa kipande cha gunia kilichokuwa kimefichwa ku manyasi ya nyumba. Mbwa aligeuka mara moja: miguu ya mbele chini, matako juu, mukia unacheza. Wakavutana na kile kipande, huyu huku, yule kule. Kisha kijana akasema “Achilia!” akasimama kimya bila kuvuta. Mbwa akaachilia, akakaa, akamutazama machoni, akingoja.

Mama alisikia haya. Alisema: “Nimemukataza mara ngapi kuchezea mbwa! Mbwa si kitu cha kuchezea.” Tukamujibu: “Mama, huyu ndiye mwalimu. Sisi leo tunakaa ku benchi ya wanafunzi.”

Juu ya nini muchezo?

Kuko sababu ine, na tunaomba muzisome pole pole.

Ya kwanza: mbwa anarudilia jambo lililomuletea muzuri. Kama kila mara anaposikia “Kuya!” anapata muchezo ao kipande cha ndagala, atakimbia kuja. Kama anaposikia “Kuya!” anapata fimbo, atajifunza kama neno hilo maana yake ni maumivu. Yule mama alikuwa akiita mbwa kusudi amupige juu ya kosa la asubui. Mbwa hakujua kosa la asubui. Alijua tu kama mama akiita, ni mateso.

Ya pili: mbwa aliyefungwa muchana na usiku, bila kukimbia na bila kucheza, anabakia na nguvu nyingi ndani. Siku kamba inakatika, kitu chochote kinachokimbia mbele yake kinakuwa muchezo wake. Kitoto cha mbuzi kinakimbia, kuku anakimbia, mutoto anakimbia, naye anafuata. Mara mingi si ubaya wa roho. Ni nguvu isiyopewa kazi. Na njaa inaongezea tu hatari.

Ya tatu: muchezo ndio shule ya kwanza ya mbwa. Watoto wa mbwa wanapocheza wenyewe kwa wenyewe, mumoja akiuma sana, mwenzake analia na muchezo unakatika. Ndivyo wanavyojifunza kupima nguvu ya meno. Kwa hiyo musitoe mutoto wa mbwa ku mama yake mbele ya juma 8. Na kuanzia juma 3 mpaka karibu miezi 3, ndipo anajifunza vitu vilivyo vya kawaida mu maisha yake. Mu wakati huo aone mbuzi, kuku, watoto, moto na wageni, pole pole, bila kuogopeshwa.

Ya ine: muchezo unafunga urafiki. Wazee wengi wanasema kama ukivutana na mbwa na akashinda, ataona yeye ndiye chefu. Mu mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, mu Uingereza, walichapisha matokeo ya kupima jambo hilo. Walicheza kuvutana na mbwa mara mingi. Wakati fulani waliacha mbwa ashinde, wakati mwingine mutu alishinda. Kushinda ao kushindwa hakukufanya mbwa ajione mukubwa. Na kisha michezo ile, mbwa walikuwa wanamutazama na kumusikiliza mutu zaidi kuliko mbele.

Tena, tusidhani kama ni jambo la Wazungu. Hapa kwetu, Parke ya Virunga iko na kikosi cha mbwa tangu mwaka 2011. Kuko mbwa wa kufuata nyayo za wawindaji haramu, na wengine wa kunusa silaha na pembe za tembo. Duniani kote, mbwa wengi wa kazi ya kunusa wanalipwa na mupira tu: akipata kile kinachotafutwa, mwenye kumuongoza anacheza naye. Kwa mbwa, hiyo ndiyo mushahara.

Vitu vya kutayarisha

Hamutanunua kitu. Tayarisheni hivi:

1. Kipande cha gunia ao kitenge kilichoisha, urefu wa mukono, chenye fundo tatu nene.
2. Kamba moja ndefu, karibu metre 10, ya kumushikilia mbwa wakati wa kujifunza. Ifungwe ku mukanda wa shingo usiobana. Vidole viwili vipite ndani.
3. Zawadi ndogo: vipande vya bukari kavu, ndagala ao sambaza. Kila kipande kisipite ukubwa wa mbegu ya haragi.

Chagueni saa ya baridi, asubui ao mangaribi. Mbwa hatoi jasho mwili wote kama mutu. Anapoza mwili kwa kuhema, na jua kali linaweza kumuua. Musicheze mara tu kisha kula. Dakika 5 zinatosha, mara mbili kwa siku. Malizeni wakati mbwa angali anataka kuendelea, kusudi kesho aje na hamu.

Michezo ine ya kufundishia

Muchezo wa kwanza, KUYA (juma la 1). Watu wawili wasimame mbali ya hatua 10. Mumoja aite jina la mbwa na neno “Kuya!” kwa sauti ya furaha, akiinama kidogo. Mbwa akifika, apate zawadi na kuvutana kidogo. Kisha wa pili aite. Fanyeni mara 10, basi. Nyumba yote itumikishe neno moja. Kama baba anasema “Kuya”, mama “Njoo” na watoto “Fika hapa”, mbwa atachanganyikiwa. Sheria kubwa: musimuite mbwa hata siku moja kusudi mumupige. Na mukitaka kumufunga, mumuite, mucheze naye kidogo, ndipo mufunge.

Muchezo wa pili, ACHILIA (juma la 2). Vutaneni na mbwa kwa kile kitambaa, chini chini, bila kumuinua juu. Kisha mukono usimame kimya kabisa, kitambaa karibu na mwili wako. Kitambaa kilichokufa hakina utamu. Mupeleke ndagala karibu na pua yake. Anapofungua kinywa, sema “Achilia!” mupatie ile ndagala, na mara moja anzisha muchezo tena. Hapa ndipo fundisho: mbwa anajifunza kama kuachilia si kupoteza, muchezo unarudi. Kisha siku chache, atalisikia neno hata bila ndagala. Meno yakigusa mukono wako, simama, geuka, muchezo umekatika kwa nusu dakika.

Muchezo wa tatu, NGOJA (juma la 3). Ficha kitambaa nyuma ya mugongo. Mbwa ataruka, atabweka, atakuzunguka. Usiseme kitu. Anapotulia ao kukaa chini, sema “Ngoja”, hesabu mpaka 2, kisha sema “Haya!” na utupe kitambaa. Kesho hesabu mpaka 5, kisha mpaka 10. Mbwa anajifunza kujizuia mwenyewe. Kamba inazuia shingo tu.

Muchezo wa ine, KUPITA MBALI YA MBUZI (kuanzia juma la 4). Mbwa awe ku kamba, na mutu mukubwa ndiye ashike. Simameni mbali sana na mbuzi, hatua 50 ao zaidi, pahali mbwa anawaona lakini angali anaweza kucheza. Muite, cheza naye, mupatie zawadi. Kama anakutazama wewe kuliko mbuzi, kesho karibieni hatua 5. Kama amekaza mwili, macho yamebakia ku mbuzi na hasikii tena jina lake, mumekaribia sana. Rudini nyuma bila kumupiga. Kazi hii inaweza kukamata miezi. Tunasema wazi: mbwa aliyekwisha kuuma mbuzi, musimuachilie tena peke yake kati ya mbuzi, hata akionekana amebadilika.

Mambo ya kuepuka

Musitumikishe mukono ao muguu kama kitu cha kuuma. Mutoto wa mbwa anachekesha leo, lakini kisha miezi sita meno hayachekeshi tena.

Musiwaache watoto wakimbie mbwa akiwafuata, na musimuchochee afuate kuku “juu ya kucheka”. Munamufundisha kazi ambayo kesho mutamuua juu yake.

Musitupe mawe kwa kucheza, yanavunja meno. Musimupatie ule muti wa hindi unaobakia kisha kutoa mbegu, mbwa anaweza kuumeza na ukafunga matumbo. Kitambaa nacho kisibakie kwa mbwa kisha muchezo. Mutu akichukue na kukificha.

Watoto wadogo wasicheze na mbwa bila mutu mukubwa pembeni. Na mbwa akiwa anakula, amelala ao ananyonyesha, musimusumbue.

Mu shamba, musimutume mbwa aingie mu pori kufuata nyani. Nyani dume iko na meno marefu kuliko ya mbwa na anaweza kumupasua. Kazi ya mbwa inaishia ku mupaka wa shamba: abweke, afukuze, arudi. Kwa sababu hiyo muchezo wa “Kuya!” ndio wa kwanza kwa wote.

Mbele ya muchezo: chanjo

Muchezo unakaribisha meno na mukono, basi mbwa apashwe kuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa (wengine wanaita raje). Mutoto wa mbwa anachanjwa akiwa na miezi 3, kisha mufuate tarehe za kurudilia ambazo veterineri ataandika ku karte. Koperative ikipanga siku moja ya pamoja, ni rahisi kumuita veterineri kuliko kila mutu kumutafuta peke yake.

Mutu akiumwa, hata kidonda kikiwa kidogo: osha pahali pale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha enda ku kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atagonjwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara ni kifo. Lakini chanjo ikitolewa mapema kisha kuumwa, inaokoa. Mbwa aliyebadilisha tabia kwa rafla, anayetoa mate mengi, anayeuma kila kitu ao anayejificha na kushindwa kumeza, musicheze naye wala kumugusa. Waiteni watu wa veterineri.

Mwisho wa ile maneno

Turudi kwa yule mama. Koperative ilikubali mambo matatu: mama atalipa kitoto cha kwanza cha mbuzi wake kwa mama mujane, mbwa atachanjwa, na saa ya kupeleka mbuzi ku maji mbwa atabakia amefungwa nyumbani. Na sisi tulisema mbele ya wote kama shauri letu la kwanza lilikuwa baya. Haikuwa tamu kusema. Lakini mulimaji aliyefuata shauri letu asilipe kosa letu peke yake, kwa hiyo tuliahidi kurudi kila juma mpaka mbwa asikie.

Kazi ilifanywa na kijana. Alimuonyesha mama yake namna ya kushika gunia, namna ya kusimama kimya. Juma la kwanza mbwa alikataa kumukaribia mama. Mama alikaa chini mu kiwanja, akitupa vipande vya bukari bila kumutazama, siku tatu nzima. Siku ya ine mbwa alikula karibu na muguu wake.

Kisha juma 7 tulisimama na mama ku mupaka wa shamba, mahindi yakiwa yameanza kukomaa. Nyani walikuwa wameshuka mpaka ku miti ya mwisho. Mbwa aliruka, akabweka, nyani wakakimbia, naye akawafuata. Alipokaribia pori, mama aliita mara moja tu: “Kuya!” Mbwa akasimama. Akatazama pori, akatazama mama. Kisha akageuka na kurudi kwa mbio, na mama akatoa kipande cha gunia kilichofungwa ku fundo la kitenge chake. Ile siku kijana hakuwa pale. Alikuwa ku masomo.

Mama mujane alipata mbuzi wake kisha miezi. Tulipomuuliza juu ya mbwa alisema: “Simupendi. Lakini sasa akiitwa, ninaona anasikia.” Kwetu, jibu hilo linatosha. Mbwa si lazima apendwe na kijiji chote. Inapashwa asikie, na mwenye mbwa apashwe kujua kumuita.

Tukumbuke

– Neno “Kuya!” lilete muzuri kila mara.
– Dakika 5, mara mbili kwa siku, saa ya baridi.
– Mutu ndiye anaanzisha muchezo, na mutu ndiye anaumaliza.
– Meno yakigusa mukono, muchezo unakatika.
– Mbwa aliyeuma mbuzi haachiliwi tena kati ya mbuzi.
– Chanjo kwanza, muchezo kisha.

Maulizo ya kuzungumuzia mu mukutano

1. Mu koperative yetu, ni mbwa wangapi wanafungwa muchana na usiku? Nani anawafungua, na saa gani?
2. Mbwa wako akisikia jina lake, anakuja ao anajificha? Ulimufundisha nini kusudi afanye vile?
3. Mbwa wa mwanamemba akiharibu mbuzi wa muzunguko, sheria yetu inasema nini? Kama haisemi kitu, tuandike leo, mbele ya shida.
4. Ni siku gani tunaweza kukusanya mbwa wote kwa chanjo?

Mwenye kufanya michezo hii kwa mwezi mumoja, atuambie tutakapopita, hata kama haikutembea vizuri. Ni mu makosa ndipo tulijifunza na sisi. Tunawatakia kazi njema na mavuno mazuri.